Kamari ya Mkononi na Tiba ya Aliyenaswa

Sheria ya kamari ambayo Kenya iliipitisha mwaka 1966, na ambayo ilidumu takriban miaka sitini kabla ya kuwekwa nyingine mahali pake, ilitungwa na watu waliodhani kwamba kamari ni jambo lenye nyumba: kasino yenye mlango na bawabu, uwanja wa farasi wa Ngong wenye uzio na siku zake maalumu, kibanda cha tikiti za bahati nasibu ambacho jioni hufungwa na mwenyewe akaenda zake. Dhana hiyo haikuwa ya upumbavu, maana tangu kale ndivyo mambo yalivyokuwa katika kila nchi. Mtu aliyetaka kucheza alilazimika kutoka kwake, kuonekana na majirani akiingia, kuzihesabu fedha kwa vidole vyake mwenyewe zilipokuwa zikimtoka, na akhiri ya mambo kuondoshwa na saa ya kufunga hata kama tamaa yake haijashiba. Kila kizuizi katika hivyo kilikuwa hifadhi, ingawa hakuna aliyekiita kwa jina hilo, na vyote vimeondoka katika muda usiozidi umri wa kijana mmoja.

Vimeondoka kwa njia ambayo yenyewe haikuwa na dhambi. Mwaka 2007 ilianza M-Pesa, na hapana mtu wa insafu atakayekana manufaa iliyoyaleta kwa mama aliye kijijini anayesubiri akiba ya mwanawe, au kwa mchuuzi asiye na akaunti ya benki. Lakini mfereji ukishachimbwa hupitisha maji yote, matamu na machungu, na ilipofika mwaka 2014 kampuni za kubeti zilikuwa zimekwisha kutambua kwamba mfereji huu huufikia mfuko wa mtu moja kwa moja, usiku na mchana, pasipo bawabu wala jirani. Jambo la tatu lilikuja kimyakimya zaidi: mkopo. M-Shwari ilifunguliwa mwishoni mwa 2012, na Fuliza ikaja Januari 2019, hata ikawa chombo kimoja, kile kile kinachokaa chini ya mto wakati wa kulala, ni pochi, ni duka la kamari na ni mkopeshaji. Upande wa Tanzania mambo yamekwenda kwa mwendo huo huo, na juu ya mikopo ya simu imeongezeka ile ambayo watu wenyewe wameibandika jina la kausha damu, jina ambalo halihitaji mfasiri.

Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwauliza vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi sita za Afrika kama wamewahi kucheza kamari ya aina yoyote, na Kenya ikawa ya kwanza kwa asilimia 76. Hesabu hiyo haisemi kwamba wote hao ni wagonjwa. Wengi wao walicheza wakaacha, au hucheza kidogo pasipo kuharibikiwa. Hesabu hiyo husema tu kwamba jambo hili si la wahuni wachache wa mtaani kama wazee wetu walivyolizoea katika mchezo wa karata tatu. Ni jambo la mwanafunzi, dereva wa bodaboda, mwalimu na karani, na kwa hiyo swali la jinsi ya kujihadhari nalo, na la jinsi ya kumnusuru aliyekwisha kunaswa, ni swali la kila nyumba.

Kampuni zina jibu lao, nalo huliandika kwa herufi ndogo chini ya kila tangazo: umri ni miaka 18 na zaidi, cheza kwa kiasi. Nia ya uchambuzi huu ni kulipima jibu hilo kwa mizani ya haki, kuona lina ukweli kiasi gani na linaficha nini.

Na tuanze na hesabu, kwa sababu aghalabu nasaha juu ya kamari hutangulizwa na maonyo, na kijana aliyechoka kuonywa huziba masikio kabla hazijamfikia zile tarakimu ambazo zingemzindua. Chukua mechi moja ambayo matokeo yake matatu, yaani mwenyeji kushinda, sare, na mgeni kushinda, yana uwezekano sawa. Odi ya haki, yaani namba ambayo dau huzidishwa nayo mtu akipatia, ingekuwa 3.00 kwa kila upande. Kampuni haitoi 3.00, hutoa, tuseme, 2.85, na katika tofauti hiyo ndogo ndimo inamopata mishahara, matangazo na faida yake. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa, takriban 95 huwarejea wachezaji wakichukuliwa wote kwa jumla, na 5 hubaki. Hasara hiyo kwa mechi moja ni ndogo, na lau watu wangebeti mechi moja moja, msiba ungekwenda polepole. Lakini vijana wetu hawabeti mechi moja. Hutandika mkeka wa mechi kumi, kumi na tano, ishirini, wakitamani shilingi 50 izae 50,000, na hapo ile tofauti ndogo hujizidisha yenyewe kwa yenyewe: katika mkeka wa mechi kumi, kwa kipimo hicho hicho, kinachowarejea wachezaji kati ya kila shilingi 100 si 95 tena bali hukaribia 60. Ndiyo sababu matangazo husifu mikeka mirefu na hutoa bonasi kwa anayeongeza mechi; ukarimu huo una hesabu nyuma yake.

Ama zile zawadi kubwa za kubashiri mechi 17, ambazo zimewahi kumpa mtu mmoja nchini Kenya zaidi ya milioni 200 na picha yake ikaenea kila gazeti, hesabu yake inaweza kufanywa na mtoto wa shule aliyejifunza kuzidisha. Mechi moja ina njia tatu, mbili zina tisa, tatu zina ishirini na saba, na kumi na saba zina njia 129,140,163. Utaniambia kwamba wewe hubahatishi, unaijua kandanda, unasoma ligi zote za Ulaya. Vema; tukukubalie kwamba kwa ujuzi wako unapatia mechi moja katika kila mbili, jambo ambalo wachambuzi wengi wa redio hawaliwezi. Bado kupatia zote kumi na saba kwa pamoja ni mara moja katika 131,072. Ujuzi wako ni wa kweli, ila umewekwa mahali ambapo hauna nguvu.

Kuna mchezo mwingine, mpya zaidi, ambao kwa maoni yangu una madhara kuliko mikeka, nao ni ule wa kindege kinachopaa, Aviator, uliobuniwa na kampuni ya Spribe na kuenea katika simu za Afrika Mashariki kwa kasi ya moto wa nyika. Namba huanza kwenye moja na kupanda kadiri ndege inavyopaa; mchezaji hutakiwa kuchomoa fedha zake kabla ndege haijatoweka, na isipowahi mikono yake, dau limekwenda. Waliouunda hutangaza kwamba hurejesha asilimia 97, na asiyejua hudhani kwamba basi atapoteza shilingi 3 tu katika 100 alizo nazo. Sivyo. Hupoteza 3 katika kila 100 anazozungusha, na kwa kuwa mzunguko mmoja ni wa nukta chache, mtu anayeweka shilingi 50 kila mara huweza kucheza mizunguko 200 kwa kikao kimoja, na hapo amekwisha kuzungusha 10,000, na hasara yake ya wastani ni 300, ingawa mfukoni alikuwa na 500 tu. Wastani huo hauonyeshi misukosuko ya njiani: atapanda, atashuka, atajiona tajiri kwa dakika moja, na kila kupanda kwake kutamfunga zaidi. Mechi ya kandanda huchukua dakika tisini, na katika dakika hizo damu hupoa na akili hurudi. Kindege hakimpi mtu nafasi ya kupoa.

Nisipite hapa bila kuwataja wauzaji wa mikeka ya uhakika, wale wanaofungua makundi ya Telegram na kudai kwamba wana mechi zilizopangwa. Hila yao ni ya kale na haihitaji siri yoyote. Mwenye watu 1,024 huwaambia nusu kwamba timu fulani itashinda na nusu kwamba haitashinda. Baada ya mechi huwaacha waliopata jibu lisilo sahihi, na wale 512 waliobaki huwagawa tena nusu kwa nusu. Baada ya mechi tano watakuwapo watu 32 ambao kwa macho yao wameona bashiri tano mfululizo zikitimia, na watu hao watauza hata mbuzi ili wapewe ya sita. Aliye na hakika ya matokeo hana haja ya kukuuzia kwa shilingi 500.

Hesabu hizi zote zimejulikana tangu barua ambazo Pascal na Fermat waliandikiana nchini Ufaransa mwaka 1654, na watu waliosoma hesabu kwa kina nao hunaswa. Kwa hiyo ujinga wa hesabu peke yake hauelezi jambo lote. Katika karne iliyopita mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwachunguza njiwa waliokuwa wakipata punje kwa kudonoa kitufe. Njiwa aliyepewa punje kwa mpango unaojulikana alidonoa kwa kiasi na kupumzika. Yule aliyepewa punje kwa namna isiyotabirika, mara baada ya madonoo mawili, mara baada ya hamsini, alidonoa bila kukoma, na hata punje zilipoondolewa kabisa alichukua muda mrefu kukata tamaa. Skinner mwenyewe aliufananisha mpango huo na kamari. Kinachomfunga kiumbe hai, basi, ni kutokujua zawadi itakuja lini kuliko ukubwa wa zawadi yenyewe, na kamari, kwa asili yake, haina kingine cha kuuza isipokuwa huko kutokujua.

Ongeza juu ya hapo kukosa kidogo. Mkeka wa mechi kumi uliochanika kwa mechi moja, tena kwa bao la dakika ya mwisho, kwa hesabu ni hasara sawasawa na mkeka uliochanika kwa mechi zote kumi, lakini moyoni haupokewi hivyo. Hupokewa kama bishara kwamba ushindi umekaribia, na mtu huyo hucheza kesho kwa ari zaidi ya yule aliyeshindwa vibaya. Na ongeza kosa lile jingine la kudhani kwamba bahati ina deni. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti liliangukia weusi mara 26 mfululizo, na waliokuwa mezani walimwaga mamilioni ya faranga juu ya nyekundu, kila mara wakiamini kwamba sasa zamu yake imefika. Gurudumu halikumbuki lilikoangukia jana. Kijana anayesema, “Nimeliwa wiki nzima, leo lazima nirudishe,” anasema maneno yale yale ya mezani Monte Carlo.

Sasa tuurejee ule wito wa kucheza kwa kiasi. Una ukweli ndani yake, na nisingependa kumdhulumu mtu mzima anayeweka shilingi 100 Jumamosi kwa ajili ya kuipa mechi ladha, asiyekopa, asiyeficha, na anayelala usingizi wake matokeo yawe yoyote. Kwa mtu huyo zipo tahadhari zenye manufaa, na zote zina tabia moja: huwekwa kabla ya mchezo, si katikati yake. Kiasi cha mwezi huamuliwa siku ya mshahara, baada ya kodi ya nyumba, ada na chakula, na huhesabiwa kuwa kimekwisha kutumika kama nauli; kikiisha, kimeisha. Kikomo hicho kikiwekwa ndani ya akaunti ya kubeti yenyewe, pale inaporuhusiwa, ni bora kuliko kukiweka kichwani. Fedha ya mkopo haiingii kabisa, hata shilingi kumi. Kinachoshindwa hutolewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ushindi unaoachwa katika akaunti ya kampuni haujawa wako bado. Hachezi mtu akiwa amelewa, amekasirika, au amefiwa. Na mchezo wa kasi, kama ule wa kindege, mwenye busara huuacha kabisa.

Lakini tazama ni nani anayebebeshwa mzigo na wito huo. Upande mmoja yupo kijana mmoja, usiku, na simu yake. Upande wa pili ipo kampuni yenye wahandisi wanaojua ni saa ngapi huwa mnyonge, ni ujumbe gani humrudisha, na ni bonasi ya kiasi gani humfanya asahau alichoapa asubuhi. Kumwambia huyu wa kwanza awe na kiasi, na kumwachia huyu wa pili uhuru wa kukivunja kiasi hicho, ni mgawanyo wa wajibu usio na uadilifu. Fauka ya hayo, wito huo humfaa tu yule ambaye bado ana hiari. Aliyekwisha kuwa mgonjwa hana kiasi cha kuchezea. Kwake kiasi ni mlango wa kurudia, na kila mwezi ataapa kucheza kidogo, na kila mwezi kidogo kitazaa kingi.

Nasema mgonjwa, na sisemi kwa kuazima lugha. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliingiza kamari ya kupindukia katika mwongozo wake wa maradhi, na mwaka 2013, katika toleo la tano, kikaihamisha na kuiweka katika sura moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya, kwa kuwa uchunguzi ulionyesha kwamba ubongo wa mcheza kamari hutenda kama wa mlevi. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka ugonjwa huo katika orodha yake inayotumika tangu 2022. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba Kurani Tukufu, katika Surat al-Maida, iliitaja pombe na maisiri, yaani kamari, kwa pamoja karne nyingi kabla ya madaktari. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet la afya ya jamii lilikadiria kwamba watu wazima wenye ugonjwa huu, au wenye mwenendo wa kamari uliokwisha kuwa tatizo, duniani ni takriban milioni 80.

Dalili zake madaktari wamezitaja tisa, na mwenye nne au zaidi ndani ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa mgonjwa. Haja ya kuongeza dau ili kupata msisimko ule ule, wasiwasi na ukali wa maneno anapojaribu kuacha, kujaribu kuacha mara kwa mara na kushindwa, kuwaza kamari kutwa kucha, kucheza ili kusahau huzuni, kufukuzia fedha zilizopotea, kusema uongo, kuhatarisha kazi, masomo au ndoa, na kuwategemea wengine wamtoe katika shida ya fedha. Miongoni mwa hizo, mbili nazihesabu kuwa kengele kubwa kuliko zote, nazo ni kufukuzia fedha na kusema uongo, kwa sababu hiyo ya kwanza ndiyo inayolimaliza jumba, na ya pili ndiyo inayowazuia watu wa nyumbani wasiuone moto. Mlevi hunuka, anayumba, anaanguka. Mcheza kamari wa simuni huonekana mzima, ameketi sebuleni na wanawe, kidole chake tu ndicho kinachotembea.

Kwa mtu anayejishuku, lipo jaribio moja ambalo halihitaji daktari wala gharama. Omba taarifa ya miamala yako ya simu ya miezi sita iliyopita, kisha chukua karatasi, ujumlishe kila kilichokwenda kwenye namba za malipo za kampuni za kubeti na kila kilichorudi kutoka kwao. Toa cha pili katika cha kwanza. Kumbukumbu ya bin adamu huhifadhi ushindi na kuzika hasara, na watu wengi wanaosema “huwa naliwa kidogo, mara nyingine nakula” hushikwa na bumbuazi mbele ya karatasi hiyo. Ukiona kwamba huthubutu kuifanya hesabu, au kwamba huwezi kumwonyesha mkeo au mumeo, jibu umekwisha kulipata.

Matibabu yapo, na hili ningependa lisikike kuliko yote niliyoandika. Njia iliyojaribiwa zaidi ni mazungumzo ya tiba yanayolenga fikra na mwenendo, ambamo mgonjwa, kwa msaada wa mshauri, huyachambua mawazo ya uongo yanayomrudisha, kama lile la bahati yenye deni, na hujifunza kutambua saa na mahali anapozidiwa, na kuweka kitu kingine badala yake. Wengine huhitaji pia kutibiwa huzuni au wasiwasi uliotangulia kamari, au uliozaliwa nayo. Hospitali za afya ya akili zinafahamika: Mathari huko Nairobi, kitengo cha Port Reitz huko Mombasa, Muhimbili huko Dar es Salaam, Mirembe huko Dodoma, Kidongo Chekundu huko Unguja, na katika hospitali nyingi za rufaa yupo daktari au muuguzi wa akili. Vipo pia vikundi vya watu waliopitia mkasa huo, Gamblers Anonymous, vilivyoanzishwa mjini Los Angeles mwaka 1957, ambavyo leo hukutana hata kwa njia ya intaneti, hivyo kwamba aliyeko Mombasa au Muscat anaweza kukaa kikao kimoja na waliokwisha kutimiza miaka kumi bila kubeti. Programu za kufunga wavuti za kamari katika simu zipo pia, na mojawapo, BetBlocker, hutolewa bure.

Ama jamaa, wao wana sehemu katika tiba ambayo daktari hawezi kuifanya, na wana kosa moja ambalo hulifanya kwa mapenzi. Deni linapofichuka, ukoo huchanga, deni hulipwa lote kwa mara moja, mgonjwa huapa mbele ya wazee, na baada ya miezi michache deni jingine huzuka, kubwa kuliko la kwanza. Fedha taslimu mkononi mwa mtu huyu, hata zikitolewa kwa huruma, ni dau jipya. Lililo bora ni kukaa naye, kuyaandika madeni yote pasipo kuficha hata moja, kuwalipa wadai wenyewe kidogokidogo kutokana na kipato chake, na kwa ridhaa yake kuuhamisha mshahara wake kwenye mkono wa mwaminifu kwa muda, yeye akipewa posho ya siku. Ajitoe katika Fuliza na mikopo mingine ya simu. Ni masharti magumu kwa mtu mzima, na wako watakaoyaona kuwa ni kumvunjia heshima. Mimi nayaona kuwa ni kumrudishia zile hifadhi ambazo zamani mlango na saa ya kufunga zilimpa bila kuuliza. Matusi na kumtangaza barazani hayatibu kitu, na imamu au padri anayemfungulia mlango wa toba amuonyeshe pia mlango wa hospitali, maana viwili hivyo havipingani.

Iko hatari nyingine isiyofaa kunyamaziwa. Mcheza kamari aliyebanwa na deni na aibu huweza kufikia kuwaza kwamba kifo chake ni nafuu kwa wote. Mtu akianza kusema hivyo, au kugawa vitu vyake na kuaga, hilo ni jambo la dharura kama kutokwa na damu: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nchini Kenya namba 1199 ya Chama cha Msalaba Mwekundu hupigwa bure, na Befrienders Kenya wapo kwa ajili ya saa kama hizo. Deni hulipika, hata likichukua miaka.

Nimebakiwa na serikali, nazo nitazisema kwa ufupi kwa kuwa mwenendo wao hauna mengi ya kusifu. Nchini Kenya, Julai 2019, leseni za kampuni 27 zilikataliwa kuhuishwa, na mbili kubwa miongoni mwao zikasimamisha kazi. Lakini ugomvi ulikuwa wa kodi kuliko wa siha ya watu, na ile kodi ya kila dau imekuwa ikicheza kama kishada: asilimia 20 mwaka 2019, ikafutwa mwaka uliofuata, 7.5 mwaka 2021, 12.5 mwaka 2023, 15 mwishoni mwa 2024, na mwaka 2025 ikawa 5 kwa fedha zinazowekwa katika akaunti. Mkono unaotikisika hivyo ni wa mbia anayetafuta bei, wala si wa mlezi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ikatiwa saini, iliyounda mamlaka mpya ya udhibiti mahali pa bodi ya zamani. Tanzania inayo sheria yake ya 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Uganda, kwa sheria ya 2016, iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25, uamuzi ambao ningependa majirani wauige, kwani ukali wa tamaa katika umri wa miaka 19 haufanani na wa 25.

Nje ya kwetu, Norwei iliziondoa mashine za kamari katika maduka yake yote mwaka 2007, na zilizorejeshwa baadaye zilikuja na kadi ya mchezaji na kikomo cha hasara. Uingereza, ambayo kwa miaka mingi iliwaachia watu wajikinge wenyewe, ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo Aprili 2020, na ina daftari liitwalo Gamstop, lililoanza 2018, ambamo mtu hujiandikisha mara moja na kampuni zote za intaneti zenye leseni hulazimika kumfungia mlango. Daftari la namna hiyo kwetu lingekuwa jepesi na imara kuliko la Waingereza. Wao wana mamia ya benki na kadi. Sisi karibu kila dau hupita katika mitandao michache ya simu, kwa namba iliyosajiliwa kwa kitambulisho. Mgonjwa angejiandikisha mara moja kwa mtandao wake wa simu, na kuanzia saa hiyo shilingi yake isiende kwa kampuni yoyote ya kamari kwa mwaka mmoja au mitano, hata yeye mwenyewe akisihi usiku wa manane. Na mkopo wa simu usiweze kamwe kulipia dau, kwa mtu yeyote. Mambo haya hayahitaji hospitali mpya wala wataalamu kutoka ng’ambo. Yanahitaji amri ya mdhibiti na utashi wa kampuni za simu, ambazo kwa kila muamala wa kamari hupata ada yake na kwa hiyo zina wajibu wake.

Mpaka siku hiyo ifike, kazi ni yetu majumbani. Ikiwa yuko mtu wako ambaye fedha humyeyukia na simu haimtoki mkononi, usingoje deni likufichulie. Mwite faraghani, zungumza naye kwa upole, kaeni na ile taarifa ya miamala, na kesho yake mfuatane mpaka kliniki.